Mwaka Niliofinyanga Vita

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza acheni tabia ya kumwambia mtu mzima kwamba amesahau. Nimesahau mengi, sikatai. Nimesahau majina ya wasichana niliocheza nao ngoma, nimesahau hata rangi ya nguo niliyoolewa nayo. Lakini kazi ya mikono yangu siisahau, na mwaka ninaotaka kuwaambia ni mwaka wa mikono. Habari za nani alimzaa nani mtaulizana wenyewe msibani, maana ndiko mnakokutana siku hizi. Mimi nimejifunza kuandika nikiwa na wajukuu, katika darasa la ngumbaru, na kila herufi iliyo hapa nimeivuta kwa jasho. Basi msisome huku mnatafuna.

Mwaka jana, baada ya mfungo, alifika hapa mwanamke kutoka Kisaki. Alikuwa amekaa juu ya magunia ya mpunga katika lori siku nzima, vumbi mpaka kwenye kope. Akaniamkia shikamoo, akajitaja: Zainabu, mjukuu wa Mloka. Mloka ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, aliyeondoka milimani kwetu nikiwa sijavunja ungo bado, na hakurudi. Baba yake Zainabu alikuwa amefariki, na katika vitu vya marehemu akakuta kadi ya picha imefungwa kwa kitambaa ndani ya kisanduku cha bati, naye akaona asiizike kabla hajatutafuta sisi. Akaifungua hapa mezani, kati ya bakuli la mchicha na sahani ya ugali. Mimi nilipoiona nikaweka tonge chini. Mjukuu wangu Hamisi, ambaye ni mwalimu wa shule na hunikumbusha kila siku kwamba ni mwalimu, akainyakua na kuipeleka mlangoni penye mwanga.

Ilikuwa picha ya vita. Askari wa Mjerumani wanapanda mlima kwa mistari, kofia zao zina kitambaa kisogoni, bunduki mbele. Moshi umetanda. Kuna watu wamelala chini na vibanda viwili vimeinamia upande. Mbele ya wote amesimama mzee mmoja, bega lake la kushoto limepanda, amenyoosha mkono kuelekea juu kama anayeonyesha njia. Nyuma yao ni Uluguru, wala si mlima wa kubuni. Ni ule wa kwetu juu ya mto Mzinga, na korongo lake, na mwamba uliopasuka kama kwato. Hamisi alifurahi kama aliyeokota almasi. Alisema wanahistoria wataitaka, alisema atakuza nyingine kubwa aitundike shuleni. Nikamwambia aache, ule ni udongo. Akacheka kwa adabu, kicheko cha kumcheka bibi.

"Bibi, umri huo," akasema. "Udongo uko mlimani. Hawa ni watu."

"Hao niliwafinyanga mimi na mama yangu mkubwa."

"Picha haisemi uongo, Bibi. Ona mlima huu hapa. Nao mliufinyanga?"

Maneno yaleyale. Miaka mingi imepita, mzungu wa kwanza ameondoka, wa pili ameondoka, tumejitawala, na mjukuu wangu mwenye cheti ananiambia maneno yaleyale niliyoambiwa barazani kwa mjomba nikiwa na matiti ya kuchipua. Nikanyanyuka, nikaenda kukaa jikoni na hasira zangu. Basi sikilizeni sasa ilivyokuwa, maana sitairudia.

Mwaka ule, chini ya kijiji chetu, mahali ambapo leo mnasikia kiwanda, aliishi mzungu mmoja kwenye nyumba ya mbao katikati ya mibuni iliyokuwa inakufa. Zamani alikuwa mwanajeshi. Mguu wake ulikuwa mbovu, na kahawa ilikuwa imemshinda. Sisi tulimwita Bwana Kimya, kwa kuwa akiwa nyuma ya kisanduku chake cha picha cha miguu mitatu alinyanyua kiganja na kuamuru kimya, na hakuwaamuru watu peke yao, aliuamuru hata upepo. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na chumba ambacho mpaka leo nikifumba macho nakinusa: kilinuka siki na chuma kilichochomwa, dirisha limezibwa kwa blanketi jekundu, na vioo vyake vya kunasia picha vimesimamishwa kwenye kibao vikauke, kama sahani za watu wasiokula. Chumba cha pili kilikuwa na meza tu. Kwenye meza hiyo Bwana Kimya alichezea vita. Alikuwa na askari wa bati wa kwao, wadogo kama kidole, farasi na mizinga, akiwapanga na kuwapiga picha. Mtu mzima, mwenye ndevu. Lakini alitaka vita vya hapa, na kwa vita vya hapa hakuwa na watu. Watu wa bati walikuwa weupe wote.

Ndipo akamtuma Juma mpishi wake kwa Mama Mkubwa. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa mfinyanzi ambaye vyungu vyake vilifika Matombo hata Kisaki, na mimi nilikuwa mikono yake midogo, wa kulainisha udongo na kusaga vigae vya kuchanganya humo. Juma alikuwa mtu wa Bagamoyo, maneno mengi, akituona sisi wa milimani kama nyani waliojifunza kufunga nguo. Alisimama mlangoni akasema Bwana anataka watu wa udongo, wengi, upesi. Mama Mkubwa hakuinua kichwa. Akamjibu kwamba mtu wa udongo hafinyangwi ovyo. Kwetu mtu wa udongo alifinyangwa kwa ajili ya mwali tu, ndani, apate kufundishwa mambo ya utu uzima, na somo likiisha yule mtu huvunjwa na kurudishwa mtoni siku ileile. Haachwi. Mtu wa udongo akiachwa anaanza kushindana na mwenye sura. Juma akacheka, akasema atamfikishia Bwana kwamba watu wa hapa wanaogopa matope. Lakini aliporudi alileta neno kwamba Bwana amekubali. Kazi ikiisha, tuvunje wenyewe kwa mikono yetu. Kwa hilo Bwana Kimya sina la kumlaumu, ahadi aliitimiza. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulifanya kazi kwenye ukumbi wake wa nyuma mwezi mzima, kisha mwingine. Wale wa mbele aliwataka shibiri moja, wale wa nyuma kidole, wale wa mwisho kabisa kama punje ya kunde. Mama Mkubwa aliudhika, akauliza hao wa nyuma wamepatwa na njaa gani. Bwana Kimya akamshika bega, akamwinamisha, akamtazamisha kwa jicho moja katika kisanduku. Mama Mkubwa akaniambia kwa Kiluguru, polepole, kwamba jicho la kisanduku ni jinga, linadhani kidogo ni mbali. Tuliwapaka masizi, ngeu nyekundu na udongo mweupe. Bunduki zilikuwa vijiti vya ufagio. Moshi ulikuwa pamba iliyochambuliwa mpaka ikawa pumzi. Mchana Juma alituletea mkate mgumu na maji ya maharage, na sisi tulikuwa na ndizi zetu za kuchemsha ndani ya jani, tukala huku tumewapa mgongo askari wetu, kwa sababu Mama Mkubwa hakutaka wale waliolala kama wafu watutazame tukila.

Shida ilikuwa mlima. Mwanzoni Bwana Kimya aliuchora mwenyewe kwenye shuka, akaining'iniza nyuma ya meza. Ulitoka mlima wenye makunyanzi. Akainyoosha shuka kwa pasi, akapiga tena, ukatoka mlima uliopigwa pasi. Siku nyingi zilipotea hivyo, naye anatoka katika kile chumba cha blanketi ameshika kioo, anakitazama juani, anakibwaga chini. Tulifagia vioo vingi sana mwaka ule. Kisha asubuhi moja akaamuru meza itolewe nje, ikasimamishwa pale kilima kinapokatika, ili ukingo wa meza ukutane na Uluguru wenyewe. Akafunika ukingo kwa kuvumwani, ule ukijani laini unaoota juu ya mawe, na kwa vijiwe, akapanda majani ya kangaga madogo yawe migomba, akapepeta majivu yawe vumbi la njia. Akashusha kisanduku mpaka jicho lake likawa sawa na magoti ya askari. Nilichungulia. Mungu ananiona, nilirudi nyuma nikaangalia kama kweli ni meza.

Lakini kuona kwa jicho si kupata kwenye kioo. Mlima wa kwetu mnaujua, saa mbili upo, saa tatu umevaa wingu, na wingu likishuka halina adabu ya kuuliza nani ana kazi. Akiwahi kabla ya wingu, jua linakuwa upande usiofaa. Jua likikaa vizuri, unakuja upepo, kuvumwani inatikisika na msitu mzima unatoka kama uji. Alihitaji utulivu wa mtu kusema Fatiha kwa haraka, na hakuupata. Siku moja kila kitu kilitulia, akapiga, akatoka chumbani akiwa karibu kulia: siafu amepita katikati ya vita, mkubwa kama punda. Jua nalo lilipasua watu wetu. Kila jioni tuliziba nyufa kwa mate na udongo laini, na kila asubuhi kuna aliyekatika shingo. Mama Mkubwa alinifokea mimi, Bwana Kimya alimfokea Juma, Juma alitufokea wote. Nilichoka mpaka nikatamani hivyo vita vishinde au vishindwe, mradi viishe.

Sasa nisikilizeni hapa. Juma alileta neno kwamba Bwana anataka mtu mmoja zaidi, mkubwa kuliko wote, asimame mbele kabisa amenyoosha mkono. Hakusema mtu huyo anafanya nini. Siku hiyo Mama Mkubwa alikuwa na homa, nikamfinyanga peke yangu, na kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote na wa mbele kuliko wote nilitaka awe mtu ninayemheshimu. Nikamfinyanga mjomba. Mjomba Mloka ndiye aliyekuwa mgawaji wa mashamba katika ukoo wetu. Kila mwaka kabla ya mvua alisimama juu ya mwamba na bega lake lililopandishwa na mizigo ya ujana, akanyoosha mkono wote, kiganja wazi, akasema toka mti ule mpaka kijito kile ni la fulani. Hakupata kumpunja mjane. Nilimfinyanga vile, bega na kiganja. Nilipomaliza nilijisifu moyoni. Nilikuwa mtoto, na sikujua kwamba ukimchukua mtu anayegawa ardhi ukamsimamisha mbele ya askari, mkono uleule unasema neno jingine.

Kesho yake wingu lilichelewa, upepo ulilala, siafu hawakuja. Bwana Kimya akanyanyua kiganja. Kimya. Alipotoka chumbani alikuwa anacheka peke yake, akampa Mama Mkubwa doti ya kaniki na mimi fumba la chumvi. Tukawabeba watu wetu katika ungo, tukawavunja mmoja mmoja, tukawarudisha mto Mzinga. Yule wa mbele nilimvunja mimi. Mama Mkubwa akanawa, akasema kazi imekwisha, hakuna kilichobaki. Mfinyanzi mkubwa yule, mjuzi wa miiko yote. Hakujua kwamba kilichobaki ni kile kioo, wala mimi sikujua.

Picha ile ilirudi kutoka Ulaya baada ya mavuno mawili, imekuwa kadi nyingi, zikawekwa katika duka la Mhindi mjini Morogoro, zinaning'inia kwa uzi pamoja na vibiriti. Mtu wa kwetu aliyeshuka kuuza ndizi akaona mlima wake dukani, akasogea, akamwona Mloka. Akaja na kadi yenyewe. Ninyi hamjui wakati ule, basi niwaambie: mwaka mmoja kabla ya kadi kufika, askari walipanda kweli, bila vita, wakaja moja kwa moja kwenye korongo walikojificha vijana wetu wasichukuliwe kazi ya barabara. Njia ile haikujulikana na mgeni. Walichukua wengi, na waliorudi ni wachache. Tangu hapo kila nyumba ilikuwa na swali moja, nani aliwaonyesha. Swali hilo lilikuwa limekaa kijijini kama moshi katika nyumba isiyo na dirisha. Kisha kadi ikaja, na mkono wa mjomba umenyooka kuelekea korongo lilelile.

Walimwita kwenye baraza yake mwenyewe. Kadi ilizunguka mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alitazama mlima kwanza, akahesabu mwamba, akahesabu korongo, kisha akamtazama mzee, akaipitisha, na hakuna aliyeuliza vita hivyo vilipiganwa lini. Nilipenya kati ya watu wazima, jambo ambalo mtoto wa kike hakulifanya. Nikasema ni udongo. Nikasema ni mimi. Mzee mmoja aliyepoteza wana wawili korongoni akaniuliza, na huu mlima mliufinyanga na nani? Watu wakaguna. Mama Mkubwa akasimama akaapa, na mwanamke mwenzake akamwambia ukae, dada, damu haishitaki damu. Nikasema twendeni kwa Bwana Kimya. Wakanitazama kwa huruma. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu kiangazi, Bwana amekwenda kwao na vioo vyake, Juma amerudi pwani, meza imeshaliwa na mchwa. Basi nikakimbia bondeni, nikachota udongo, nikafinyanga pale mbele yao mzee mwenye bega na mkono. Nikamweka juu ya kinu. Kila mtu aliona kidoli. Mtoto mdogo akacheka, na watu wazima wakacheka kwa kumfuata, kwa kuwa walihitaji kucheka. Bila kisanduku, bila mlima, bila kimya, udongo ulikuwa udongo, na kadi ilikuwa kweli. Tangu siku ile sijui hasira gani inazidi ya mtu anayeonyesha ukweli kwa mikono miwili na watu wanaona mchezo wa mtoto.

Mjomba hakujitetea. Hilo nalo nimelibeba na kulichukia. Aliomba kadi, akaitazama muda mrefu, akaiweka katika mkunjo wa nguo yake. Asubuhi alifunga mzigo. Nilimfuata mpaka njia panda ya Kisaki nikilia kamasi, nikitaka anipige au anilaani niishe. Akanigusa kichwani.

"Bega umelipata," akasema. Akaenda.

Maneno mawili hayo nimeyala miaka yote hii kama pilipili. Niliyasikia kuwa ni lawama, kwamba umenipata barabara, binti, umenimaliza. Nilipoolewa niliyasikia, nilipozaa niliyasikia, na udongo sikuushika tena. Mnaniuliza kila siku kwa nini Bibi, mtoto wa wafinyanzi, ananunua vyungu sokoni. Jibu ndilo hilo.

Basi mwaka jana nikiwa jikoni na hasira, Zainabu akanifuata. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, ana tabia ya kwao. Akaniuliza kama kweli nilimfinyanga mimi. Nikamwambia nimekwisha kusema na sitasema tena. Akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

"Babu alikuwa anatuonyesha ile picha kila kabla ya mvua," akasema. "Anaweka kidole hapa kwenye askari, anawafunika. Anatuambia, hapa nilikuwa nagawa mashamba. Alinifinyanga mpwa wangu, akanipata mpaka bega."

Nikamuuliza kama alijua hivyo, mbona hakurudi kusema. Zainabu akasema walimuuliza hilohilo, naye akawajibu kwamba angesema nini, mtoto alikwisha kusema yote na hawakusikia. Sikulia. Nilikasirika zaidi. Miaka yote hiyo mtu mmoja aliniamini, na mtu huyo mmoja yuko Kisaki anafunika askari kwa kidole, nami niko huku nanunua vyungu. Kulikuwa na njia kati yetu, na magunia ya mpunga yaliipita kila mwezi. Hata salamu? Hata mtu wa kuniambia kwamba lile lilikuwa sifa? Ningekuwa na mikono yangu. Wanaume wa ukoo wetu wana heshima nyingi na maneno machache, na wanawake ndio wanaolipia.

Niliporudi mezani Hamisi alikuwa bado mlangoni na kadi yake, anapima kivuli cha askari kwa rula. Aliniambia, kwa upole, kwamba ataandika chini yake kuwa Bibi anadhani ni udongo. Anadhani! Nikaichukua mkononi mwake, nikampa Zainabu aliyekuja nayo, airudishe katika kitambaa. Kisha nikawaita wote waliolala chini ya bati langu, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia hivi: kesho alfajiri wasichana wote mshuke bondeni mnichimbie udongo, ule mweusi wa chini, na msiuvuke wala msitukanane mkiuchimba. Wavulana mtafute vigae, msage. Nitafinyanga mtu mmoja tu, mkono wake umenyooshwa vilevile, na mbele yake hapatakuwa na askari, patakuwa na mashamba. Mtamtazama mpaka mshibe, kila mtu kwa macho yake, kisha Zainabu atamvunja na kumpeleka mtoni. Na wewe Hamisi, usilete kamera uani kwangu mpaka mto uwe umemaliza.